Sikio la Mwalimu

Hotuba ya mwalimu wa masomo ya msingi mbele ya wakristu wa Pangi, katika sherehe za jubilei ya parokia








Kamati ya jubilei iliniomba niseme maneno machache juu ya masomo yetu, hasa juu ya jambo lililotufikia siku hizi: namna mwalimu wa watoto wadogo anavyoweza kutumia vyombo vipya na njia mpya za kufundisha. Kwanza nilikataa. Mimi si mtu wa mashini. Nimeshika chaki tangu mwaka 1994, na telefone yangu ya kwanza nilionyeshwa kuiwasha na kijana ambaye mimi nilimfundisha kuandika jina lake. Lakini nikaambiwa: «Mwalimu, hatutaki maneno ya kitaalamu. Sema ulichokiona, hata makosa yako.» Basi leo nasimama mbele yenu kusema nilichokiona, na makosa yangu sitayaficha.

1. Kamba ya wazee wetu

Kabla ya ubao mweusi kufika katika nchi ya Warega, wazee wetu walikuwa na masomo yao. Wengi wenu mnaijua kamba ile iitwayo mutanga. Juu yake walifunga vitu vidogo vidogo: ganda la konokono, unyoya, kipande cha mti, mfupa, ukucha wa mnyama. Kila kitu kilikuwa na methali yake. Babu yangu alinieleza kwamba mzee aligusa kitu kimoja, kisha akanyamaza. Kijana alipaswa kutafuta neno linalofaa. Akikosea, mzee hakumpa jibu upesi. Alimwacha atafute tena, naye akaendelea kumsikiliza.

Katika bwami vilevile, mafundisho yalipitia vitu: sanamu za pembe na za mti, vinyago, vikapu na ngozi, pamoja na nyimbo na michezo. Mtaalamu Daniel Biebuyck, aliyefanya uchunguzi kati ya Warega katika miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake kikubwa mwaka 1973, aliwaonyesha wageni kwamba sanamu hizo, ambazo watu wa Ulaya waliziweka katika makabati ya vioo kama mapambo, kwetu zilikuwa vyombo vya kufundishia. Kitu chenyewe kilikuwa bubu. Bila mzee wa kuuliza na kijana wa kujibu, ganda la konokono lilibaki ganda la konokono.

Naomba mkumbuke kamba hii, maana nitairudia.

2. Ubao, kengele, na kurudia pamoja

Kisha misioni ikatuletea kengele, ubao mweusi, kibao cha mkono na kitabu. Katika siku zile hivyo navyo vilikuwa vyombo vipya, tena vilishangaza watu kuliko telefone inavyotushangaza leo. Jimbo letu la Kindu lilianza kuwa Prefektura ya Kitume mwaka 1956, likawa diosezi mwaka 1959; na katika miaka hiyo yote Kanisa na masomo vilikwenda pamoja kama miguu miwili ya mtu mmoja. Mwaka 1974 serikali ya Zaire iliyatwaa masomo yote. Mwaka 1977, tarehe 26 Februari, mapatano yakatiwa sahihi, na makanisa yakarudishiwa kazi ya kuyaongoza. Wazee walio hapa wanakumbuka furaha ya siku hizo.

Njia ya kufundisha tuliyoirithi ilikuwa moja: mwalimu anasema, watoto wanarudia. Mwalimu anaonyesha kwa fimbo silabi ubaoni, kalasi nzima inaimba: «Ba, be, bi, bo, bu.» Njia hii sitaitukana, imenilea mimi, na imewalea Mapadri wengi walioketi hapa. Lakini ina kasoro moja kubwa. Watoto arobaini wakisema pamoja, sauti ni nzuri na mwalimu anafurahi. Je, wangapi kati yao wanasoma, na wangapi wanafuata sauti ya mwenzao? Hilo mwalimu halijui.

3. Mtoto aliyesoma kwa kichwa

Mwezi wa Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza jambo ambalo katiba ililiahidi tangu mwaka 2006: masomo ya msingi ya umma bila malipo. Tulimshukuru Mungu. Tuliona wakirudi watoto waliofukuzwa kila mwezi kwa ajili ya pesa. Tuliona wasichana waliokuwa wakichota maji na kutwanga mpunga saa za masomo, sasa wameketi kwenye viti. Tena viti havikutosha. Katika kalasi yangu ya tatu watoto walipita themanini. Wengine waliketi juu ya matofali, wengine dirishani.

Katika kundi hilo alikuwako mtoto mmoja, nisimtaje jina. Alikuwa na sauti kubwa, naye alisoma ukurasa mzima wa kitabu cha Kiswahili bila kusitasita. Nilimpa alama nzuri. Siku moja aliinuka kusoma, nami nikapita nyuma yake. Nikaona ameshika kitabu juu chini. Naye anasoma tu, neno kwa neno, hata nukta ya mwisho.

Nilikigeuza kitabu vizuri, nikafungua ukurasa mwingine, nikamwambia: «Soma hapa.» Akanyamaza. Watoto wakacheka. Mimi sikucheka. Mtoto huyu alikuwa mwerevu sana; alikuwa ameshika kitabu kizima kwa kichwa kwa kuwasikiliza wenzake. Miaka mitatu alikaa mbele ya walimu, na wa mwisho kati yao ni mimi. Wala hapana hata mmoja aliyejua kwamba hazijui herufi.

Usiku ule nilihesabu. Kati ya watoto themanini, nilikuwa nimesikia kweli sauti za wangapi, kila mmoja peke yake? Niliweza kutaja kumi na wawili. Ndio wale walioinua mkono.

4. Redio, na kosa langu la kwanza

Mwaka uliofuata, tarehe 19 Machi 2020, masomo yote ya nchi yalifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Kalasi za mwisho zilirudi mwezi wa Agosti. Sisi wengine tulingoja hata mwezi wa Oktoba. Tena tukafungwa mwezi wa Desemba hata mwezi wa Februari 2021. Wakati huo Radio Okapi, pamoja na wizara na UNICEF, ilianza kutangaza mafundisho yaliyoitwa Okapi École. Mimi na wazazi wengine tuliwakusanya watoto wachache wachache, wakaketi mbalimbali chini ya miti, redio moja katikati. Batiri zilikuwa ghali, na mara nyingi sauti ilipotea mvua ilipokaribia. Hata hivyo watoto hawakusahau kabisa kalamu.

Masomo yalipofunguliwa, niliwaza: redio itanisaidia kalasini. Nikaiweka juu ya meza, nikaifungua, mimi nikakaa kusahihisha kaye. Dakika tano watoto walisikiliza. Dakika ya sita walisukumana. Dakika ya kumi redio ilikuwa ikijifundisha yenyewe.

Baadaye nilijifunza kwamba wengine walitutangulia katika njia hii. Katika nchi ya Nicaragua, kuanzia mwaka 1974, walifundisha hesabu kwa redio. Sauti iliuliza swali, kisha ikanyamaza kidogo, ili watoto wajibu kwa mdomo, kwa mkono au kwa kuandika. Ndipo ikatoa jibu. Zambia walianza namna hiyo mwaka 2000 kwa ajili ya watoto wasio na masomo. Zanzibar, ndugu zetu wa Kiswahili, walikuwa na mafundisho ya watoto wadogo yaliyoitwa «Tucheze Tujifunze». Katika kazi hizo zote mtu mzima alikuwa pamoja na watoto: anatazama nani amejibu na nani amekaa kimya. Ndugu zangu, kile kimya kidogo cha redio ni kimya cha mzee mbele ya mutanga. Mimi nilikuwa nimeikata kamba, nikamwacha mtoto peke yake na ganda la konokono.

5. Sanduku lililofungwa

Nimeona pia kosa lingine, lisilo langu. Mahali fulani, nisipopataja, masomo yalipewa zawadi ya sanduku la tabuleti, vile vyombo bapa vyenye kioo. Ilikuwa sherehe kubwa, na picha zilipigwa. Mafundisho yote yaliyokuwa ndani yalikuwa ya Kifaransa, yakionyesha watoto waliovaa makoti katika baridi. Umeme wa kuvijaza nguvu haukuwako. Tena mkurugenzi aliogopa kwamba vikiharibika atadaiwa, akalifungia sanduku kabatini. Nilipopita tena, panya walikuwa wamekula nyaya.

Tusiwacheke. Hata nchi zenye uwezo kutushinda zimejikwaa katika jiwe hili. Nchi ya Peru iliwagawia watoto wa vijijini kompyuta ndogo nyingi sana. Lakini uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 haukuona kwamba watoto hao wamewazidi wenzao katika hesabu au katika lugha. Mwaka 2023 UNESCO ilitoa taarifa kubwa juu ya vyombo hivi katika masomo, nayo inatuonya vilevile: kwanza tuulize chombo kinamsaidia mtoto kujifunza nini, na kwa masharti ya nani.

6. Telefone ikawa sikio

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Telefone yangu si ya bei kubwa. Siku moja nilikuwa nikirekodi nyimbo za kwaya yetu, ndipo wazo likanijia: kama inaweza kushika sauti ya kwaya, je, haiwezi kushika sauti ya mtoto mmoja?

Nilianza hivi. Kila siku, wakati wengine wanaandika, niliwaita watoto wanane mmoja mmoja hadi mlangoni. Kila mmoja alisoma mistari michache ambayo hajaiona bado, kwa muda wa dakika moja, mbele ya telefone. Baada ya majuma mawili nilikuwa nimewasikia wote, hata wale wa dirishani. Usiku, kazi za shamba na za nyumba zikiisha, niliketi na kaye, nikasikiliza sauti hizo mara mbili au tatu. Kalasini, katika kelele ya watoto themanini, sikio langu halikuweza kupambanua. Usiku liliweza.

Nilisikia mambo ambayo miaka ishirini na zaidi ya chaki haikunifundisha. Wengine walijua kila herufi lakini hawakuweza kuziunganisha. Wengine walisoma vizuri Kiswahili, wakaanguka kabisa katika Kifaransa. Na si ajabu. Katika Kiswahili, kilichoandikwa ndicho kinachosemwa: «maji» ni ma na ji. Katika Kifaransa neno la maji lina herufi tatu, eau, na zote tatu pamoja zinatoa sauti moja ya o. Mtoto wa Pangi anaongea Kirega na mama yake, Kingwana sokoni, na Kifaransa anakikuta kwa mara ya kwanza kalasini. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazipa lugha zetu za taifa nafasi yao katika masomo. Nilipokuwa nikirukia Kifaransa upesi ili wazazi wanisifu, nilikuwa ninajenga juu ya mchanga.

Ndipo nikabadili njia. Nilikuwa nimesikia kwamba huko India, chama kiitwacho Pratham kiliacha kuwapanga watoto kwa umri na kalasi; kwa saa moja au mbili za siku, kinawapanga kwa kile wanachokijua kweli. Zambia nayo ilianza kujaribu njia hiyo mwaka 2016. Mimi nilifanya kwa kipimo cha kalasi yangu: kundi la herufi, kundi la silabi, kundi la maneno, kundi la hadithi. Vyombo vyao ni vya msituni na vya jikoni: vipande vya katoni vyenye silabi, mbegu za kuhesabia, vijiti. Mtoto anayejua anaketi karibu na mtoto asiyejua, nami napita kati yao. Nikiuliza swali, nahesabu moyoni hadi tano kabla sijamwita mtu. Hesabu hiyo ya tano ilinishinda kuliko telefone yote. Mwalimu aliyezoea kusema huogopa kimya kama vile anaogopa nyoka.

Nilidhani mimi ni wa kwanza. Baadaye nikasikia habari za Kenya. Katika upande wa Kisumu walijaribu njia tatu: mahali pengine waliwapa watoto vyombo vya kusomea, mahali pengine waliwapa walimu tabuleti, mahali pengine waliwapa washauri wanaozunguka kuwatembelea walimu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba njia hizo tatu hazikuachana sana katika kuwasaidia watoto kusoma. Lakini ile ya washauri ilikuwa na gharama ndogo kabisa, kwa hiyo ndiyo iliyozaa matunda mengi kwa kila shilingi. Mshauri alikuwa na tabuleti moja tu. Aliingia kalasini, akamtazama mwalimu akifundisha, akawasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha akazungumza na mwalimu.

Hili ndilo neno langu la leo, na mkisahau mengine yote, shikeni hili. Chombo kilichonifaa ni kile kilichonifundisha kusikiliza. Vile vilivyosema badala yangu vilinipita na kuwapita watoto.

7. Mmoja alirudi, mmoja hakurudi

Mtaniuliza: je, yule mtoto wa kitabu juu chini? Baada ya aibu ile alitoroka. Miezi miwili aliosha mchanga wa kasiterite pamoja na wakubwa, machimboni. Baba yake na katekista walimrudisha. Nikamweka katika kundi la silabi pamoja na wadogo, bila kelele. Kila Ijumaa nilimsikilizisha sauti yake ya juma lililopita. Mwanzoni aliziba masikio. Siku moja akasema: «Mwalimu, pale nilikosea, nipe nisome tena.» Tangu siku ile alijisahihisha mwenyewe. Leo anasoma polepole, lakini anasoma kilichoandikwa.

Kulikuwako pia msichana mmoja, aliyekaa ukutani nyuma kabisa. Hakuwa msumbufu, kwa hiyo sikumwona. Zamu yake ya kwanza ilipofika, telefone haikushika neno. Ilishika pumzi tu. Niliandika katika kaye: «Amesita. Kumwita tena.» Kabla zamu yake haijarudi, aliacha masomo. Nilikwenda nyumbani kwao, nikaambiwa amepelekwa kwa jamaa, mbali. Ile pumzi ya dakika moja ningali nayo. Sijaifuta. Ningeanza kusikiliza mwaka mmoja mapema, labda leo angekuwa hapa kati ya watoto walio mbele yenu.

Ndugu zangu, katika ardhi yetu mna bati. Kalima ilijengwa juu ya bati; wazee wetu waliifanyia kazi Symétain, na tangu mwaka 1976 SOMINKI; hata kituo cha umeme cha Lutshurukuru kilijengwa kwa ajili ya migodi. Na bati hiyo huenda wapi? Sehemu kubwa ya bati ya dunia huyeyushwa ili kuunganisha nyaya na vipande vidogo ndani ya mashini kama telefone, redio na kompyuta. Kwa hiyo mashini hizi si ngeni kwetu. Huenda ndani yake mna jasho la kaka zetu. Si haki mtoto wa Pangi achimbe bati ya kuungia telefone za ulimwengu, halafu asiweze kusoma maneno yanayotokea juu ya kioo chake.

8. Mipaka na maombi

Kanisa halikuvikimbia vyombo vya namna hii. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya Inter mirifica tarehe 4 Desemba 1963, juu ya redio, sinema na vyombo vingine vya kupashana habari. Mwezi wa Januari 2025 Roma ilitoa tena hati ya Antiqua et nova, juu ya mashini zinazoiga akili ya mtu. Hati hizo zinavipokea vyombo, zikitukumbusha kwamba mtu ndiye bwana wa chombo. Nasi tuwe waangalifu. Sauti ya mtoto ni mali ya mtoto na ya wazazi wake. Siichezi mbele ya wengine ili wamcheke, na siitumi kwa mtu. Tena telefone ya mwalimu isigeuke sababu ya mwalimu kuwaacha watoto na kusoma habari zake. Nimeliona hilo, na mara moja moja mimi mwenyewe nimeanguka.

Basi katika jubilei hii ninaomba mambo matatu, nayo si makubwa.

Kwenu Mapadri: bamba la jua liko juu ya nyumba ya parokia kwa ajili ya taa za kanisa na vyombo vya kwaya. Siku mbili za juma, walimu waruhusiwe kujaza hapo nguvu ya telefone zao na ya redio ya masomo. Mwalimu anayelipa franka kila mara ili batiri ijae atachoka upesi.

Kwenu ndugu walimu: tutembeleane. Mmoja akifundisha, mwingine akae nyuma, asikilize, kisha amwambie mwenzake kwa upole alichokisikia. Hatuna washauri wengi wenye tabuleti, lakini kila mmoja wetu ana masikio mawili. Naombeni mwanze na kalasi yangu.

Kwenu wazazi: jioni, hata kama ninyi wenyewe hamkusoma, mwambieni mtoto awasomee mistari mitano. Hamhitaji kujua kusoma ili kumsikia anayesitasita. Mama anayemenya mihogo huku anamsikiliza mtoto wake akisoma anafanya kazi ya mwalimu, wala haimgharimu kitu. Na mkiona mtoto amenyamaza siku nyingi, njoni mniambie mapema.

Babu yangu alisema kwamba kamba ya mutanga haijai kamwe; kila kizazi hufunga kitu chake. Wazee walifunga ganda la konokono. Misioni ikafunga kitabu na kengele. Sisi leo tunafunga redio na telefone. Watakaofanya jubilei nyingine baada yetu watafunga vitu ambavyo hatuvijui. Lakini hata wakifunga nini, mtu mzima atapaswa kukaa chini mbele ya mtoto, amwulize, kisha anyamaze amsikilize.

Mungu aibariki parokia yetu, awabariki waliotutangulia katika kazi hii na wamelala usingizi wa amani, na amrudishe salama kila mtoto ambaye hatukumsikia mapema.